Senti za Mfalme Aliyeacha Kiti

Nyumba za Reli, Nakuru
Jumamosi, saa kumi jioni

Mwanangu Rebeka,

Sitakuuliza hali yako, maana sasa hivi nimekuona kwa dirisha ukivuka uwanja na wenzako wa kwaya, umevaa ile sweta ya kijani, unacheka. Hali yangu pia unaijua. Basi tuseme salamu zimekwisha.

Mambo ya safari na ya chuo cha ualimu shangazi yako Finike amekwisha kukuambia, na mengine amekuambia mara tatu. Mimi sina la kuongeza hapo. Nimekaa na karatasi hizi za godauni kwa sababu kuna jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo kwa miaka sita, na kesho ukipanda gari la moshi la Kisumu utaondoka na uongo wangu kichwani mwako. Shangazi ataiweka barua hii chini ya nguo zako, halafu atakwambia uitafute mkishapita Londiani. Nimechagua Londiani makusudi. Hapo huwezi tena kushuka urudi kuniuliza.

Jumapili iliyopita, walipokuombea kanisani, ulisimama ukasema, "Namshukuru baba yangu, maana ndiye aliyenisomesha peke yake." Watu wakapiga makofi. Mimi nikatazama viatu vyangu. Mzee wa kanisa akanishika bega akadhani ni unyenyekevu.

Rebeka, ada yako ya kwanza ya bweni ililipwa na mama yako. Ililipwa kwa kitu chake, tena kitu ambacho nilimgombeza siku alipokileta nyumbani. Na mama yako hakukuacha. Nilikuambia alirudi Maragoli kulinda shamba la kwao, na ulipokua ukaacha kuamini hayo na kuanza kusema alitukimbia, nilinyamaza. Kunyamaza kwangu kulikuwa kwepesi sana. Wewe ulimkasirikia yeye, mimi nikapikiwa uji na mtoto anayenihurumia.

Sasa nikuambie ilivyokuwa.

Utakumbuka meza ya mama yako kando ya geti la godauni, alipokuwa akiuza chai na maandazi. Wapagazi wenzangu walikunywa pale, na watu wa mashamba walioleta ngano na viazi kutoka Mau Narok, na akina mama wa Kabazi waliokuja sokoni na mboga. Pesa za Bonde zima zilipita mikononi mwa mama yako Dorika. Alizitia kwenye mkebe wa kakao. Jumapili tukitoka kanisani alitandika leso kitandani akazimwaga. Mwanamke mwingine angezihesabu. Yeye alizitazama.

Alikuwa anatafuta moja ya kila mwaka. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Aliona tu kwamba simba wa shilingi ni yule yule lakini namba chini yake zinabadilika, akataka kuzipanga kama watoto wa nyumba moja, mkubwa hadi mdogo. Hakujua kusoma. Mimi nilikuwa na miaka minne ya misheni, kwa hivyo aliniuliza, "Baba Rebeka, hii imeandikwa nini?" Nikamwambia. Baada ya mwezi mmoja namba zote alikuwa anazijua. Kisha akaanza herufi zinazozunguka ukingoni. Alikuwa akienda stesheni anasimama mbele ya ubao wa jina la mji, anarudi mbio kuniambia, "Ile R iko pia kwa senti kumi!" Wewe ulikuwa unakaa katikati ya leso hiyo unazitia vidole kwenye matundu, na yeye hakukukataza.

Siku moja akanionyesha senti kumi, ile ya tundu katikati na pembe za ndovu. "Hii jina lake si kama zile zingine," akasema. Nikaisoma, nikaona kweli, ni jina la mfalme mwingine. Nikamuuliza karani wetu Mhindi. Akaniambia huyo alikuwa mfalme kwa miezi michache tu, hata taji hakuvikwa, akaacha kiti. Senti zake zilikuwa zimekwisha kutengenezwa. Nikarudi nikamwambia mama yako.

"Aliacha kiti kwa nini?"

"Mwanamke. Alimtaka mwanamke ambaye walimkataza."

Mama yako alicheka mpaka akajifuta macho na kona ya leso. "Kwa hivyo duniani kuna mwanamume mmoja!" Akaiweka senti ile peke yake, juu ya mto.

Nakuandikia haya ujue kwamba palikuwa na kicheko katika nyumba hii. Mimi mwenyewe huwa nasahau.

Kuna siku nyingine akaja na kipande kidogo cha fedha, chembamba, kimeandikwa senti ishirini na tano. Pesa ya zamani, ya kabla ya hizi shilingi zetu kuenea, wala hakuna duka lililoipokea tena. Bibi mmoja mzee wa Kabazi aliitoa kwenye fundo la nguo yake akanunulia chai na andazi.

"Umepewa chuma," nikamwambia.

"Najua."

"Unajua na bado umempa chai?"

"Ni nzuri. Halafu alikuwa na baridi."

Nilimgombeza, Rebeka. Nilimwambia biashara si mchezo wa watoto. Akaifunga ile pesa ndani ya kitambaa cheupe, akaiweka chini ya mkebe.

Ningeishia hapo, tungekuwa watu wa kawaida. Lakini kulikuwa na mzungu mmoja wa Mau Narok aliyeleta ngano godauni. Sisi tulimwita Bwana Masharubu. Asubuhi moja aliniona nimeshika senti ya yule mfalme, nikiwaonyesha wapagazi. Akainyakua, akaigeuza.

"Hii wapi wewe napata?"

"Kwa bibi yangu, Bwana."

"Weka. Weka mingi. Hii kingi, hii mfalme, moja tu, mwaka moja tu. Iko siku hii taleta shamba!" Akajipiga paja, akacheka, akaenda zake.

Mimi nilisikia neno shamba. Kicheko sikukisikia.

Usinione mjinga tu. Nyumba hii unayoiacha kesho si yetu, ni ya Reli. Siku nikimaliza kazi napewa mkono na siku chache za kuondoka. Kwetu ndugu zangu waligawana mashamba mimi nikiwa hapa nabeba magunia ya watu wengine. Kila mara gari likitoka na ngano ya Mau nilikuwa nawaza, mtu akiwa na ekari kumi tu. Basi mzungu mwenye ekari elfu akanitajia shamba, nami nikaamini kwamba lipo ndani ya mkebe wa mke wangu.

Nikaanza kuwinda. Mshahara ukitoka nazunguka madukani kubadilisha noti kwa senti kumi, nachagua zile zenye jina lake, nyingine narudisha. Nilizitunga kwenye waya kupitia matundu yake. Nilinunua sanduku la risasi kwa askari aliyerudi Burma, nikaweka kufuli. Tulikula sukuma na ugali, ugali na sukuma, na wewe ukavaa gauni lililotolewa pindo mara mbili. Halafu nikachukua na mkebe wa Dorika. Niliona shilingi zake zimefifia, nikapata Braso, dawa ya kung'arishia chuma, kwa vijana wa loko wanaosafisha injini, nikazisugua zote mpaka simba akawa laini kama sabuni. Nilidhani nazipandisha thamani. Ile ya kitambaa cheupe sikuisugua kwa sababu sikuiheshimu. Niliitupa tu ndani.

Jumapili iliyofuata mama yako akatandika leso. Akakaa. "Nipe mkebe."

"Hizo zimefungwa sasa."

"Nataka kuzitazama tu. Nimefika mahali. Nataka kusoma yale maneno ya nyuma."

"Zikishikwa-shikwa zinachakaa. Hizo si za kuchezea, Mama Rebeka. Hizo ni shamba."

"Hata kuzitazama?"

"Wewe ukitazama unashika."

Akaikunja leso. Sikumuona akiitandika tena. Na kusoma kuliishia hapo. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na Biblia ya Kiswahili kwenye rafu, ningeweza kumfundisha kwa vitu hivyo. Hata haikunijia. Mimi nilikuwa nalinda mali.

Sasa nifike pale ambapo mkono wangu unataka kusimama.

Masika moja akaja kijana kutoka Maragoli na habari kwamba bibi yako, mama yake Dorika, yuko hali mbaya, anaita binti yake. Pasi yangu ya reli ya mwaka nilikuwa nimekwisha kuitumia. Ilihitajika nauli. Nyumbani pesa ya karatasi haikuwako, yote nilikuwa nimeigeuza senti. Mama yako akasimama mbele ya sanduku.

"Fungua."

"Subiri mwisho wa mwezi."

"Mama hatasubiri mwisho wa mwezi. Fungua, Yohana." Hakuwahi kuniita kwa jina langu mbele yako. Ulikuwa umekaa pale mlangoni.

"Nikizitoa sasa ni senti kumi-kumi tu. Nitakuwa nimetupa shamba kwa nauli ya siku moja."

Akaniambia, polepole kabisa, "Kama haziwezi kunipeleka kwa mama yangu, basi si pesa. Na si za kutazama, umenikataza. Sasa ni nini?"

Nikakasirika. Mtu asiye na jibu na ana ufunguo mfukoni, hasira humjia upesi. Nilitoka nikaenda zamu.

Aliondoka kwa miguu hadi barabara kuu, akapata lori la mahindi lililoharibika njiani, akalala huko Lumbwa kwenye baraza la duka, akafika siku ya pili baada ya mazishi. Walimwambia bibi yako alikuwa akiuliza kila mlango ulipolia. Hayo aliniambia mara moja tu, aliporudi, akiwa amenipa mgongo anamenya viazi. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Alikaa nasi mwaka mmoja na zaidi. Alipika, aliuza chai, alikusuka nywele. Kwangu alijibu "ndiyo" na "bado". Halafu siku moja akaniomba zile zake tu, moja ya kila mwaka, zile nyingine zikae. Nikamwambia nimezisugua, ziko pamoja, sijui tena zake ni zipi. Wiki ile akafunga nguo zake. Alitaka kwenda na wewe. Nilimwambia wewe utaingia bweni, ada nimekwisha kuiweka tayari, na kule Maragoli utalima tu. Ndiyo maana alikuacha. Alinunua masomo yako kwa kukaa mbali na wewe, na mimi nilikuwa sina hata shilingi ya ada hiyo. Nilikuwa na sanduku.

Alipokwisha kwenda nilijiambia, sasa nitauza, nitampelekea hati ya shamba mkononi, ataona haya. Nikabeba sanduku mpaka Mau Narok kumtafuta Bwana Masharubu. Ilikuwa miaka hii ya hali ya hatari, vizuizi kila mahali. Kwenye kizuizi cha kwanza askari alipoinua sanduku akaona uzito wake, alilipindua barabarani. "Senti zote hizi za nini? Umekusanya za kiapo cha watu wa msituni?" Nikaonyesha cheti cha Reli. Nikaeleza habari za mfalme aliyeacha kiti. Walicheka, wakaniita wazimu, wakaniacha nipige magoti kwenye matope nikiziokota, na mvua inanyesha. Kijana mmoja Mkikuyu aliyekuwa amekalishwa chini kando ya barabara na mikono kichwani alikuwa ananitazama. Yeye hakucheka. Sijui walimpeleka wapi.

Bwana Masharubu alinipokea kwenye veranda. Alivuta waya mmoja, akazipitia kama mtu anayepepeta maharage. "Nani naambia wewe hii mali?"

"Wewe, Bwana."

Alinitazama, hakunikumbuka. Akaniambia senti hizo zilitengenezwa kwa mamilioni, ziko kila duka kutoka Mombasa mpaka Kampala, na kila moja ni senti kumi, kesho na kesho kutwa. Akashika shilingi zangu zinazong'aa, akatikisa kichwa. "Nani naosha hii? Hii nakufa sasa." Kwamba kama zingeachwa na uchafu wake, mbili tatu angenunua. Kisha akafungua kile kitambaa cheupe.

Akaita mke wake alete kioo cha kukuzia. Aliigeuza ile senti ishirini na tano kama mtu ameshika yai la ndege. Akaniambia ameitafuta miaka mingi, hajaipata iliyo safi hivyo. "Hii nani naweka?"

Ningesema, ni ya mke wangu. Maneno manne. Nilisema, "Mimi, Bwana."

Alinilipa ada yako ya mwaka mzima, na ikabaki ya sanduku lako la bati na blanketi. Miaka iliyofuata nilikulipia kwa jasho langu, na zile za waya nilizitumia moja moja, kununulia chumvi na mafuta ya taa, senti kumi kwa senti kumi. Hakuna mwenye duka hata mmoja aliyeangalia jina.

Ulipoanza shule nilikupeleka mpaka getini. Uliniuliza, "Baba, pesa umetoa wapi?" Nikasema, "Nilikuwa naweka." Ukaniangalia kama malaika.

Zilikuja barua mbili kutoka kwa mama yako. Aliandikiwa na mwalimu wa kanisa la kwao, maana yeye nilimwachia herufi nusu. Nilikusomea salamu tu, yaliyobaki nikayaruka. Alikuwa akiomba uende likizo. Nimezitia ndani ya bahasha hii, zisome mwenyewe, sasa hakuna wa kukurukia mistari.

Kuna jambo jingine nalisema kwa aibu. Nilipoacha kuzitazama zile senti, nilianza kukutazama wewe vile vile. Nimewaambia wapagazi wote kwamba binti yangu akiwa mwalimu atanijengea nyumba ya bati huko kwetu. Ulipokuwa unaleta ripoti, nilikuwa nasoma alama, na wewe umesimama mbele yangu unataka kunisimulia jinsi ulivyoimba peke yako siku ya wazazi. Sikukuuliza wimbo ulikuwa upi. Mpaka leo siujui. Nyumba ya bati usiiwaze. Si kwamba nimekuwa mtu mwema ghafla, ni kwamba nimechoka kusubiri vitu viwe kitu kingine.

Sikuambii umsamehe mtu. Ukinichukia kuanzia Londiani mpaka Kisumu, chukia, safari ni ndefu. Lakini yeye uliyemchukia miaka sita, huyo mpunguzie.

Mwezi uliopita nilimwandikia yule mwalimu wa kanisa. Nilimwomba amwambie Dorika siku na saa ya gari lako. Hakunijibu. Inawezekana mama yako atakuwa pale Kisumu kwenye jukwaa, inawezekana hatakuwa. Sikumwandikia salamu zangu, wala wewe usimpe. Ukimuona, usingoje akutambue yeye kwanza. Uliachwa mtoto, sasa umekuwa mrefu kuliko yeye, anaweza kupita karibu nawe akiendelea kutafuta msichana mdogo. Wewe ndiye umshike mkono.

Nasikia sauti yenu mnarudi.

Baba yako,
Yohana